Mara Nane Mwanajeshi, Mara Mbili Mlinzi wa Geti

Swali: Assalam aleikum, Mwalimu. Mimi ni kijana wa Bombo, Uganda, nina miaka 34. Mwaka huu ni wa tisa tangu nianze kuigiza, filamu na tamthilia za televisheni. Juzi nilikaa nikahesabu: mara nane nimekuwa mwanajeshi, mara mbili mlinzi wa geti, mara moja maiti. Steringi sijawahi. Nikienda usaili, nikifungua mdomo tu wakasikia Kiswahili changu, wananipa gwanda. Mama anataka niingie kwenye duka la mjomba. Sasa nimepigiwa simu tena: askari wa kwenye kizuizi cha barabara, siku mbili, mistari sita. Nikatae mpaka wanipe nafasi kubwa? Mtu anaweza kweli kuishi kwa hizi nafasi za pembeni? Na ile maiti, niihesabu?

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usikatae. Nimeanza na hilo kwa sababu aliyekupigia simu hatangoja umalize kunisoma. Mpigie sasa hivi, mwambie unakuja, muulize siku ni zipi na nauli ni ya nani, halafu urudi tuendelee.

Umerudi? Haya.

Tuanze na gwanda, maana naona linakuuma kuliko pesa. Unadhani wanakupa kwa dharau. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza ya usaili zaidi ya miaka ishirini, nikichagua sura za watu, na nakuambia ni uvivu tu, ila uvivu wenye historia. Kiswahili kiliingia masikioni mwa watu wengi wa Uganda kikiwa kimevaa buti. Kilikuwa lugha ya jeshi la King's African Rifles enzi za Mwingereza, kikabaki lugha ya kambi baada ya uhuru, Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na mwanzoni mwa miaka ya themanini watu wa Kampala wakajifunza maneno mawili ambayo mpaka leo mzee akiyasikia anaangalia mlango uko wapi: panda gari. Waliosombwa mitaani na kupakiwa kwenye malori hawakuhitaji mkalimani. Wewe umekulia Bombo. Kwenu Kiswahili na Kinubi ni lugha za bibi anayekuita ule, za harusi, za kubishania mpira. Lakini mtazamaji wa Masaka hajawahi kula kwa bibi yako. Akisikia "simama hapo, toa kitambulisho," mwili unamsisimka kabla hata hajauona uso wako.

Sasa mfikirie mwongozaji. Ana hadithi ya dakika tisini na pesa za dakika arobaini. Hana nafasi ya kuijenga hofu polepole, anataka sekunde tatu tu, na Kiswahili chako kinampa hizo sekunde tatu bure. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini sikio halisomi Katiba. Watoto wanaokisoma darasani leo ndio watakaokuwa wakikutazama ukiwa na miaka hamsini, na labda wao watakipa Kiswahili kazi ya daktari, au ya mwanaume anayeomba msamaha kwa mkewe. Kwa sasa kina kazi ya askari, na wewe unakizungumza kweli wakati wenzako wanakibabaisha kwa mistari waliyokariri kwenye taksi.

Huo ndio mlango wako. Kila mwigizaji wa nafasi za pembeni ana mlango mmoja ambao umbo lake au ulimi wake humfungulia bila hodi. Kuna ambaye mlango wake ni kitambi. Kuna ambaye ni sauti, au meno, au uso wa mtu aliyepata habari mbaya asubuhi. Mkenya Joseph Olita mlango wake ulikuwa kufanana na Idi Amin: akawa Amin katika filamu ya 1981, Rise and Fall of Idi Amin, na miaka kumi baadaye Mira Nair alipokuja Kampala kupiga Mississippi Masala, akaitwa tena kuwa Amin yuleyule. Mlango kama huo ni mwembamba, maana Amin ni mmoja na filamu zinazomhitaji hazitengenezwi kila mwaka. Wako ni mpana. Askari hawakomi kwenye hadithi za nchi hii.

Na mlango si chumba. Abby Mukiibi alikuwa Kanali Bagosora katika Sometimes in April, filamu ya 2005 ya HBO kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, kisha mwaka 2006 akawa Masanga, mtu wa usalama wa Amin, katika The Last King of Scotland. Watu wawili wa kuogopwa, mmoja baada ya mwingine. Lakini ukimtaja kwa mama yeyote wa Kampala, atakutajia jukwaa la Afri Talent na sauti ya redio CBS. Wageni walimjua kwa mlango mmoja, sisi tunamjua kwa nyumba nzima.

Kwa kuwa nimeitaja filamu hiyo ya Amin, itafute uitazame tena, na safari hii usimtazame Forest Whitaker, aliyekuwa Amin. Yeye alishachukua Oscar yake mwaka 2007, hana shida na macho yako. Watazame waliomzunguka: walinzi, mawaziri, wahudumu. Stephen Rwangyezi, mwanzilishi wa kikundi cha Ndere, yumo mle kama waziri Wasswa. Mtu mmoja kwenye kiti hawezi kujiogopesha mwenyewe. Ile hofu uliyotoka nayo kwenye filamu uliipokea kutoka kwenye mabega na macho ya watu ambao majina yao hukuyasoma mwishoni.

Steringi ni yule ambaye hadithi inamfuata. Wa pembeni ni yule ambaye hadithi inamkuta. Inamkuta kituoni, dukani, kwenye kizuizi, akiwa na maisha yake, inapita, inamwacha na maisha yake. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini nafasi ya pembeni ni ngumu: steringi anapewa saa nzima ya kutuonyesha yeye ni nani, wewe unapewa muda wa gari kusimama na kuondoka.

Sasa nikuulize na mimi. Hao wanajeshi wako wanane, nikiwapanga mstari mmoja bila kuangalia nguo, nitawatofautisha?

Najua jibu la wengi, kwa sababu nimeona video za usaili mia na kitu. Kifua mbele, nyusi zimekunjwa, sauti inatoka tumboni. Huo ni uaskari wa mtoto aliyevaa kofia ya baba. Askari wa kweli hakunji nyusi saa nane mfululizo, atapata maumivu ya kichwa. Nenda kasimame barabarani utazame. Trafiki mwenye sare nyeupe anasimama kama mwenye barabara, uzito uko mguu mmoja. Kijana wa LDU, wale askari wa ulinzi wa mitaa, anaishika bunduki kama kitu ambacho atakatwa mshahara kikipotea. Mlinzi wa duka, yule wa kampuni ya ulinzi mwenye bunduki kuukuu, anaigeuza kuwa fimbo ya kuegemea. Mwanajeshi aliyewahi kuwa vitani, na Bombo wapo tele, mara nyingi ndiye mpole kuliko wote, na ndiye asiyekaa akiupa mlango mgongo. Unaishi nao hawa. Mwenzako wa Ntinda analipa nauli kwenda kuwatafuta.

Chukua huyo wa kizuizini mwenye mistari sita. Tuseme mstari wa kwanza ni "Mnatoka wapi?" Ukiusema ukiwa na hasira, umefanya kilichoandikwa, na mwongozaji atakushukuru na kukusahau. Sasa jiulize amesimama hapo tangu saa ngapi. Jua liko upande gani. Anataka nini kwenye gari hili? Usijibu kwamba anataka kuwakamata, hilo limeandikwa tayari. Labda anataka kuchaji simu. Labda nyuma yake kuna hema, na ndani ya hema kuna mkubwa wake aliyeamka vibaya, na yeye anaomba Mungu gari hili lisiwe na tatizo lolote ili hema lisifunguke. Useme tena "Mnatoka wapi?" ukiwa na hema mgongoni. Umeona? Sauti imeshuka. Jicho moja linarudi nyuma. Aliye ndani ya gari anaogopa askari, na askari anaogopa hema, na mtazamaji sasa anaogopa hema ambalo halijajengwa hata. Umemwongezea mwongozaji jengo zima bila gharama.

Ila usilete hema lako kamera ikiwa inazunguka. Mwambie mwongozaji wakati wa mazoezi, kwa sentensi moja, kwa adabu: "Nilifikiri kuna mkubwa nyuma, nikiangalia mara moja itakuharibia?" Akisema itaharibu, liache. Nimewaona vijana wenye vipaji waliofukuzwa kwenye seti kwa sababu kila onyesho walileta tamasha lao, steringi analia na wao wanakohoa. Uvaaji wa uhusika una mipaka yake, na mpaka mkubwa ni kwamba onyesho si lako.

Nikupe mfano niliouona kwa macho yangu. Tulimpa mama mmoja nafasi ya karani wa mapokezi hospitalini, swali moja tu, "Jina la mgonjwa?", na kuandika. Kabla ya kupiga picha akaomba kalamu iliyokauka wino. Steringi amemleta mtoto wake mahututi, karani anauliza jina, kalamu haiandiki, anaikwaruza kwenye kiganja, anaipulizia, halafu bila kuinua macho ananyoosha mkono kuomba kalamu ya yule baba. Baba anajipapasa mifukoni huku mtoto anakufa. Pale kwenye seti hakuna aliyepumua. Mwandishi wa ile tamthilia alikuwepo, akaenda kumwandikia yule karani sehemu nyingine tatu, na sehemu tatu ni kodi ya nyumba. Mama yule hakuigiza huzuni wala ukali. Aliigiza kalamu.

Halafu mkono. Hili hawalifundishi sana na ndilo linalolipa. Onyesho moja hupigwa mara nyingi, kwa mbali, kwa karibu, upande huu na upande ule, kisha mhariri anashona vipande. Ukiwa umeshika kikombe kwa mkono wa kulia kwenye neno "wapi" mara ya kwanza, na wa kushoto mara ya tatu, hawezi kuvishona, na kipande anachokitupa ni chako, hatatupa cha steringi. Kumbuka mkono ulikuwa wapi kwenye neno gani. Na ukimaliza mstari wako usizime. Wengi wakishasema lao wanabaki kama redio iliyokatiwa umeme, wakingoja zamu. Mhariri akitafuta pa kukimbilia pale steringi alipoteleza, hukimbilia uso wa anayesikiliza. Mwigizaji wa mistari sita anayejua kusikiliza hukaa kwenye skrini muda mrefu kuliko wa mistari kumi na mbili anayengoja.

Wewe ulikua karibu na runinga za Kenya au hapana? Sisi wa upande wa Busia tulikua na Vitimbi ya KBC. Mzee Ojwang yule, mwenye lafudhi nzito ya Kijaluo, aliyemfanya kila mtu amcheke mjomba wake wa Kisumu, jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, na alikuwa Mkikuyu. Mimi nililijua hilo nikiwa mtu mzima, nikakaa kimya kwa dakika nzima. Alimtengeneza mtu mzima mzima kutoka kwenye masikio yake. Alifariki Julai 2015 na bado ukimtaja watu wanasema Ojwang. Hapa kwetu Sam Bagenda wa kundi la maigizo la Ebonies yamemkuta hayohayo: alikuwa Dokta Bbosa katika That's Life Mwattu, na mpaka leo njiani anasalimiwa "Dokta". Hiyo ndiyo malipo ya ajabu ya kazi yetu, uhusika unakula jina lako. Usishangae siku moja konda wa Bombo akikuita Afande na kukataa kukuchukulia nauli. Kubali, ni pesa.

Tukija kwenye pesa zenyewe, nitasema wazi. Kwa nafasi za pembeni peke yake, hapa Uganda, wachache sana wanaishi. Wanaoishi wanaziunganisha na vingine, na wanajua tofauti kati ya filamu na tamthilia ndefu. Askari wa filamu hufa dakika ya ishirini. Mlinzi wa geti wa tamthilia hufungua geti misimu mitatu. Tangu chaneli ya Pearl Magic ianze mwaka 2018 kumekuwa na hadithi ndefu za kila wiki zinazohitaji nyumba za matajiri, na hakuna tajiri wa Kololo asiye na geti. Umeandika "mlinzi wa geti" kwa aibu, lakini ningekuwa wewe, kati ya jenerali wa siku moja na mlinzi wa geti wa miezi sita, ningebeba tochi na kirungu nikaenda getini. Mlinzi anajua nani aliingia usiku, na waandishi wa tamthilia wakikwama humkumbuka anayejua siri.

Mkataba uwe kwa siku, usiwe kwa "nafasi". Ukikubali laki fulani kwa nafasi, mvua ikinyesha siku mbili zinakuwa nne na laki ni ileile. Iandikwe siku ngapi, ikizidi wanalipa nini, usafiri wa usiku ni wa nani, na jina lako litaandikwaje mwishoni. Iandikwe pia kwamba sura yako haitatumika kwenye tangazo la biashara bila malipo mengine. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya 2006 inamtambua mwigizaji kuwa na haki zake, mbali na za mwandishi na mtayarishaji, lakini haki ambayo hukuidai kabla ya kuvaa gwanda ni ngumu kuidai baada ya kulivua. Siku ukipata mkataba mnono unaopita milioni moja, kampuni iliyoteuliwa na URA, mamlaka ya mapato, itakukata asilimia 6 ya kodi ya zuio. Usigombane nao, dai hati ya kukatwa, maana inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Mimi nilizitupa hati hizo miaka yote ya ujana wangu. Na kuna mtayarishaji mmoja ambaye mpaka leo hajamaliza kunilipa kazi ya msimu mzima, kwa sababu tulipeana mkono na sikuandika. Tukikutana ananiita kaka mkubwa.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa gwanda, mambo mawili zaidi ambayo mwenzako wa kuigiza upadri hayahitaji. Sare za jeshi, sheria inamkataza raia kuzivaa au kuwa nazo bila ruhusa. Hakikisha watayarishaji wana kibali, na ukimaliza kupiga picha vua hapohapo, hata kama umechoka. Usipande boda na gwanda eti kesho unarudi asubuhi. Bombo ni mji wa jeshi, unanielewa. La pili ni bunduki. Oktoba 2021, huko New Mexico, Marekani, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa kwenye seti ya filamu na bunduki iliyodhaniwa kuwa haina risasi ya kweli. Kila unapopewa silaha uliza nani ameikagua, iombe ifunguliwe mbele yako uone, na usimwelekezee mtu mpaka umeona. Wakikucheka, wacheke. Hiyo ndiyo sababu moja ambayo ningekuruhusu kukataa kazi.

Kuhusu kuwa steringi. Mmarekani Harry Dean Stanton alianza filamu miaka ya hamsini, akacheza wachunga ng'ombe, wafungwa, mafundi, kila aina ya mtu anayesimama nyuma ya mtu, na alipopewa kuibeba filamu ya Paris, Texas, iliyotoka 1984, alikuwa anakaribia miaka 58. Mwenzake John Cazale hakufika huko kabisa: alicheza filamu ndefu tano tu kabla ya kufariki 1978, zote tano zikateuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, na hakuna hata moja iliyomfuata yeye. Sikuambii utakuwa huyu au yule. Nakuambia miaka tisa kwa kazi hii ni mtu anayejifunza kutembea, na sura ya mwanaume wa pembeni huanza kuuzika vizuri ikishapata mikunjo. Wanaouza sura wana haraka, ngozi haiwangoji. Wewe huna haraka hiyo.

Lakini usikae tu ukizeeka. Usiombe nafasi kubwa, omba nafasi ya jirani. Jirani wa askari ni askari mstaafu. Jirani wa mstaafu ni baba mkali aliyestaafu. Jirani yake ni baba aliyekuwa mkali, sasa ana kiharusi na anataka kusamehewa. Hapo umeshatoka kambini na hakuna aliyeona ukiruka ukuta. Mtu wa kuchagua waigizaji anaogopa kukutoa kwa askari akakupeleka kwa mchumba, akikosea anafukuzwa yeye. Kukupeleka nyumba ya pili haogopi. Msaidie: rekodi kwa simu vipande viwili, dakika moja moja, ukutani pasiwe na kalenda. Kimoja uwe baba anayemweleza binti yake kwa Kiswahili kwamba ada haipo. Kingine useme mistari ileile sita ya kizuizini, bila gwanda, umekaa, kama mtu anayeisimulia miaka thelathini baadaye. Tuma hivyo, usitume picha ukiwa na miwani ya jua. Na usisahau kwamba Kiswahili hicho kina soko ng'ambo ya Busia na Mutukula, Kenya na Tanzania: tamthilia za kigeni zinaingizwa sauti za Kiswahili, Watanzania waliona ya Kichina kwenye TBC tangu 2011, na kazi ya sauti haiulizi una kifua kipana kiasi gani.

Ongeza pia mkono wa pili ndani ya fani. Michael Wawuyo mkubwa, unayemjua kwa uso, ni mtu wa vipodozi na majeraha ya bandia vilevile. Kwenye seti akimaliza kuwa mzee anaenda kumchora mwingine kovu. Wewe umeshika bunduki za kuigiza miaka tisa. Kuwafundisha vijana kusimama gwaride, kuishika silaha, kupiga saluti ya enzi fulani na si ya enzi nyingine, hiyo ni kazi inayolipwa, na sasa hivi inafanywa na yeyote aliye karibu.

Mama hajakosea kuhusu duka. Nenda kwa mjomba, lakini kwanza mkubaliane jambo moja mbele ya mama mwenyewe: siku ukiitwa, unaondoka, na siku hizo hulipwi wala hulaumiwi. Kazi ya kumlisha mwigizaji inapimwa kwa hilo tu. Mimi nilifundisha shule ya msingi, nikaiacha kwa sababu mwalimu mkuu hakunipa ruhusa ya siku moja, nikaishia kuwa mshereheshaji wa harusi, kazi ya Jumamosi. Mjomba akikataa, tafuta duka la mtu mwingine. Na ukiwa dukani fungua macho. Mteja anayekuja kukopa sukari kwa mara ya tatu anasimama kwa namna ambayo huwezi kuipata katika darasa lolote la Makerere.

Niseme na hili, halafu nikujibu la maiti. Kwenye sanaa ya nchi yetu askari hajawahi kuwa uhusika wa kuazima tu. Byron Kawadwa, aliyekuwa kiongozi wa michezo ya National Theatre, alichukuliwa na watu wa Amin akauawa mwaka 1977, muda mfupi baada ya kurudi na kundi lake kutoka tamasha la FESTAC kule Lagos. Kuna watu watakaokutazama ambao baba zao walisimamishwa kwenye kizuizi na hawakufika nyumbani. Ukimcheza askari wako kama zimwi, unapunguza uzito wa yaliyowapata baba zao. Hawakusimamishwa na zimwi, walisimamishwa na kijana wa miaka 22 aliyekuwa na kiu.

Maiti: ihesabu. Ni mwili wako, ni siku yako, na kama walikulaza kwenye saruji baridi ya chumba cha kweli, ni zaidi ya siku. Wengi hawaiwezi. Safari ijayo, sekunde chache kabla ya "piga" toa pumzi nusu, usiijaze kifuani, kisha pumulia tumboni chini ya shuka, polepole, na uombe kamera ije upande wa kichwani. Macho yakiwa wazi, chagua msumari mmoja darini na uutazame kana kwamba uko nyuma ya dari. Ila usiiweke kwenye video yako ya usaili. Nilishapokea moja ya namna hiyo, dakika nzima mtu amelala, na mpaka leo sijui kama faili liliharibika.